Maswali ya Wasomaji: Hesabu Ninazijua, Muda Ndio Unaoniangusha

Barua tulizochagua kwa safu ya toleo hili zinatoka mikoa na nchi tofauti, lakini zinalalamikia jambo moja. Waandishi wake ni watahiniwa wa Hisabati ambao hawalii kwamba hawakufundishwa, bali kwamba msimamizi hutangaza mwisho wa mtihani huku maswali wanayoyaweza yakiwa hayajaguswa. Tumezifupisha barua hizo na kuzijibu moja baada ya nyingine.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Niko kidato cha nne na Novemba nitafanya mtihani wa taifa. Nikiwa nyumbani nafanya maswali ya Hisabati na mengi napata. Katika mtihani wa majaribio wa shuleni, muda uliisha nikiwa katikati ya swali la 11, na maswali matatu ya mwisho sikuyasoma kabisa. Nimeambiwa niongeze kasi. Nimejaribu kukimbia, na sasa nakosea hata yale niliyokuwa napata. Nifanye nini? *Mtahiniwa wa kike, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na karatasi yenyewe, kwa sababu watahiniwa wengi huifanyia mazoezi mwaka mzima bila kukaa chini na kulitazama umbo lake. Karatasi ya Hisabati ya Msingi, ile yenye namba 041, ina maswali 14 na yote ni ya lazima. Sehemu A ina maswali 10 yenye alama 6 kila moja, na Sehemu B ina maswali manne yenye alama 10 kila moja. Muda ni saa tatu, yaani dakika 180 kwa alama 100, ambazo ukizigawanya utapata dakika 1 na sekunde 48 kwa kila alama. Kwa kipimo hicho swali la Sehemu A lina haki ya dakika 11 hivi, na la Sehemu B lina haki ya dakika 18. Lakini ukizitumia zote kwa mpango huo hutabakiwa na hata dakika moja ya kupitia kazi yako. Kwa hiyo mazoezini jipangie dakika 9 kwa swali la Sehemu A na dakika 16 kwa la Sehemu B. Jumla yake ni dakika 154, na dakika 26 zinazobaki ni akiba ya kurudia ulichokiruka na kukagua majibu.

Sasa tazama kilichokupata. Kama muda ulikukuta katikati ya swali la 11, basi kila swali la alama 6 lilikuchukua dakika 17 kwa wastani, na maswali uliyoyaacha yana alama 30. Zile dakika sita za ziada katika kila swali zilikwenda wapi? Kukuambia uongeze kasi hakulijibu swali hilo, na ndiyo maana ulipokimbia ulianza kukosea: ulipunguza muda wa kuandika, ambao huenda haukuwa na tatizo lolote.

Mimi nashuku kwamba dakika hizo zilipotea kabla hujaandika chochote. Nyumbani unafungua kitabu kwenye mada ya logi, unafanya maswali kumi ya logi, na unayapata kwa sababu kabla ya kusoma swali tayari unajua ni la logi. Katika chumba cha mtihani hakuna anayekuambia kwamba swali hili ni la uwiano na lile ni la mfuatano. Lazima utambue mwenyewe, na kutambua huko kunahitaji mazoezi yake mbali na kukokotoa. Wanafunzi wengi hawajawahi kuyafanya mazoezi hayo hata siku moja mpaka siku ya mtihani.

Ili ujue kama ninashuku sawasawa, chukua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na daftari jipya. Kwa kila swali andika nyakati tatu: ulipoanza kulisoma, ulipoandika mstari wa kwanza wenye maana, na ulipomaliza. Usibadilishe chochote katika namna unavyofanya hesabu zako, wewe andika tu. Baada ya karatasi tatu au nne, daftari litasema lenyewe. Kama pengo kati ya wakati wa kwanza na wa pili ni dakika nne au tano, tatizo ni kutambua. Dawa yake ni kukusanya maswali ishirini kutoka karatasi tofauti, kuyachanganya, na kujipa dakika moja kwa kila swali ili uandike njia tu: kanuni utakayotumia, mlinganyo utakaoanza nao, au mchoro. Usikokotoe hata kidogo. Zoezi hili linachosha kuliko linavyoonekana, nalo linaudhi kidogo kwa sababu mtu hujisikia kuacha kazi nusu, lakini kwa mtahiniwa wa aina yako silijui linalofaa zaidi.

Kama pengo kubwa ni kati ya wakati wa pili na wa tatu, tatizo liko kwenye kukokotoa, na hapo kumbuka kwamba katika karatasi hii vikokotoo haviruhusiwi. Unaruhusiwa kitabu cha majedwali tu. Chukua mfano huu. Mji P uko latitudo 10° Kaskazini na mji Q latitudo 6° Kusini, yote miwili katika longitudo 39° Mashariki, na unatakiwa kutafuta umbali kati yao ukipewa nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,400 na pai kuwa 3.14. Pembe ni 16°, kwa hiyo umbali ni 16 juu ya 360, mara 2, mara 3.14, mara 6,400. Mtahiniwa mwenye haraka atazidisha kila kilicho juu, apate 643,072, kisha aanze kugawanya kwa 360 kwa mkono huku jasho likimtoka. Aliyezoea kurahisisha kwanza ataona kwamba 16 juu ya 360 ni 2 juu ya 45, na kwamba 6,400 na 45 vyote vinagawanyika kwa 5, hivyo vinakuwa 1,280 na 9. Kilichobaki ni 12.56 mara 1,280, ambayo ni 16,076.8, kisha kugawanya kwa 9. Jibu ni kilomita 1,786.3 hivi. Njia zote mbili ni sahihi, ila ya pili inaokoa dakika mbili au tatu na inapunguza nafasi za kukosea. Kwa hiyo usiharakishe mkono. Jizoeze kutozidisha chochote kabla hujatazama kinachoweza kukatwa.

Lipo pia suala la lugha, ambalo tunalizungumzia kidogo mno. Mtihani umeandikwa kwa Kiingereza, na maswali ya maelezo, hasa yale ya faida na hasara, ya uwiano, na lile la kuchora mistari kwenye grafu ili kutafuta faida kubwa kabisa, yanaweza kusomwa mara tatu na bado yasieleweke. Soma sentensi ya mwisho kwanza ili ujue unachotafuta, kisha rudi mwanzo ukipigia mstari kila namba na kipimo chake. Maneno ya maagizo, yaani yale yanayokutaka utafute, uoneshe, uthibitishe au ukadirie, uwe umeshayazoea kabla ya Novemba, kwa sababu mtihanini si mahali pa kukisia maana yake.

Mwisho, jifunze kuacha. Swali la alama 6 ambalo baada ya dakika tatu hujaandika mstari wa kwanza, liwekee alama pembeni na usonge mbele. Maswali mengi ya karatasi hii yana vipengele (a) na (b), na mara nyingi kimoja hakitegemei kingine, kwa hiyo aliyekwama kwenye (a) hana sababu ya kuiacha (b) nayo. Pia hatua za kazi zina alama zake. Kanuni iliyoandikwa sawasawa na namba zilizoingizwa mahali pake ni bora kuliko ukurasa mtupu. Na si lazima uifuate karatasi kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Kama unajiamini katika takwimu au matriki, na swali lake liko Sehemu B, lifanye mapema wakati akili bado ina nguvu.

SWALI: Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea. Nauza katika duka la vifaa vya ujenzi na nikishafunga nabaki na saa moja tu ya kusoma. Je, nianze kupima muda sasa au nijifunze kwanza? *Mtahiniwa wa kujitegemea, Mbeya*

JIBU: Ndugu yangu, usipime muda katika mada usiyoijua. Saa haimfundishi mtu kitu ambacho hajakisoma, na atakachopata ni hofu tu. Kanuni ninayoipenda ni hii: mada ikifika mahali ambapo unaweza kufanya maswali matatu mfululizo bila kuchungulia mfano wa kitabu, hapo iingize kwenye saa.

Saa yako moja inatosha kuliko unavyodhani, mradi usiitumie yote kukokotoa. Fanya maswali matano ya Sehemu A kwa dakika 45, yaani dakika 9 kila moja, na robo saa inayobaki sahihisha palepale usiku huohuo. Swali lililokosewa likisahihishwa baada ya siku nne, huwa umeshasahau ulichokuwa unafikiri, na bila kukumbuka hilo huwezi kujua ulipojikwaa. Karatasi nzima ya saa tatu ifanye Jumapili moja moja tu, asubuhi, ukiwa umekaa mezani kama siku yenyewe. Watu wanaosoma usiku baada ya kazi huwa hawajawahi kukaa na hesabu kwa saa tatu mfululizo, na mara nyingi huchoka karibu na saa ya pili, wakati Sehemu B ndiyo kwanza inaanza.

SWALI: Mtoto wangu ni mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, mwaka huu. Anasema katika Hisabati Sehemu ya Kwanza humla muda wote na Sehemu ya Pili huifanya mbiombio. Je, aanze na Sehemu ya Pili? Na mimi kama mzazi nisiyekumbuka hesabu zozote, naweza kusaidia vipi? *Mama, Nakuru*

JIBU: Mama, ahsante kwa kuuliza. Kwa faida ya wasomaji wengine, Hisabati ya KCSE ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya Kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50. Sehemu ya Pili ina maswali manane ya alama 10 kila moja, na mtahiniwa huchagua matano tu. Hesabu ya muda ni nyepesi: dakika moja na nusu kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 3 lina dakika nne na nusu, na swali la alama 10 lina robo saa.

Simshauri aanze na Sehemu ya Pili. Maswali mafupi ya Sehemu ya Kwanza humpasha mtahiniwa moto, na nusu ya alama za karatasi zimo humo. Tatizo la mwanao ni kwamba Sehemu ya Kwanza haina mpaka. Aiwekee dakika 65, na zikiisha ageuze ukurasa, hata kama ameruka maswali mawili. Kisha atumie dakika tano kuchagua, dakika 14 kwa kila swali kati ya matano, na atabaki na dakika kumi za kurudia yale mawili.

Hizo dakika tano za kuchagua ndizo ninazotaka kuzikazia, kwa sababu karibu kila mtahiniwa huzikwepa akidhani anapoteza muda. Anasoma kipengele (a) cha swali la 17, anakiona rahisi, anaanza; dakika kumi baadaye anagundua kwamba kipengele (c), chenye alama nyingi zaidi, hakiwezi. Swali lisomwe mpaka mstari wake wa mwisho kabla ya kulichagua. Tena ajue tabia za maswali. Swali la kujaza jedwali na kuchora grafu halina mitego mingi, lakini linakula muda kwenye kuchagua skeli na kuweka nukta. Swali la michoro ya rula na bikari hulipa vizuri sana kwa mwenye mkono uliozoea, na kwa asiyezoea ni shimo. Hayo mawili ayafanyie mazoezi kwa saa, akiwa na penseli iliyochongwa, na si kwa kuyasoma kwenye majibu. Kikokotoo kinaruhusiwa, lakini yapo maswali yanayotaka kazi ifanywe bila kikokotoo au kwa majedwali, na hapo aliyezoea kubonyeza tu hukwama kwa dakika nyingi.

Kuhusu wewe, huhitaji kujua hesabu hata moja. Shika saa na daftari, na kila anapomaliza swali andika wakati. Usimsimamie begani wala usimwambie kwamba amechelewa. Mtoto anayehesabiwa dakika kwa sauti huacha kufikiri. Mwishoni mpe orodha aisome mwenyewe. Ukimwona ametumia dakika 12 kwenye swali la alama 3, muulize tu alikuwa anasubiri nini. Mara nyingi jibu lake litakuwa na faida kwake kuliko kwako.

SWALI: Ninapofanya mazoezi hutumia saa ya simu inayolia muda ukiisha. Kuna ubaya? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Upo. Simu hairuhusiwi katika chumba cha mtihani wa taifa, na hakuna kitakacholia kukukumbusha kwamba swali la tano limezidi muda wake. Jizoeze kwa saa ya ukutani au ya mkononi yenye mishale, uitazame kila unapomaliza swali na si katikati yake, na pembeni mwa karatasi ya maswali uandike kwa penseli wakati unaotakiwa kuwa umefika kila hatua. Kwa mtihani unaoanza saa mbili asubuhi, kwa mfano, na kwa mpango wa dakika 9 niliomweleza binti wa Morogoro, Sehemu A inatakiwa kuisha saa tatu na nusu. Alama tatu au nne za namna hiyo zinatosha. Anayejiwekea alama kumi na nne hugeuka kuwa mlinzi wa saa.

SWALI: Nimemaliza shahada ya kwanza na nataka kuomba nafasi ya uzamili Marekani. Vyuo ninavyoviomba vinahitaji mtihani wa GRE. Hesabu zake naziona za kidato cha nne, lakini kila nikijaribu muda unaniishia. Tatizo ni nini? *Mhitimu, Mwanza*

JIBU: Ndugu mhitimu, umeona sawa kwamba hesabu hizo si ngeni: ni aljebra, jiometri, asilimia, uwiano na takwimu za kawaida. Ugumu uko katika muda na katika namna ya kuuliza. Tangu Septemba 2023 mtihani huo ulipofupishwa, upande wa hesabu una maswali 27 katika sehemu mbili: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, na ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Wastani ni dakika moja na robo tatu kwa swali. Wewe umelelewa katika mitihani ambayo hatua zina alama, kwa hiyo unaandika kila mstari kana kwamba msahihishaji atausoma. Hapa hakuna anayeusoma. Kompyuta inapokea jibu tu, na tabia njema uliyofundishwa kwa miaka mingi ndiyo inayokula dakika zako.

Anza na maswali ya kulinganisha viwango viwili. Majibu yake manne hayabadiliki kamwe: kiwango A ni kikubwa, B ni kikubwa, viko sawa, au haiwezekani kujua. Yakariri ili usiyasome tena. Halafu jizoeze kulinganisha bila kukokotoa. Ukiulizwa kati ya asilimia 17 ya 50 na asilimia 50 ya 17 ipi ni kubwa, anayekokotoa zote mbili ataandika 8.5 mara mbili. Anayetazama ataona kwamba zote ni 17 mara 50 kugawanya kwa 100, na atakuwa ameshasonga mbele. Maswali ya aina hii yasizidi dakika moja kwa wastani, ili ubaki na muda wa yale ya grafu na majedwali ya takwimu, ambayo kusoma kwake kunachukua muda hata kwa mtu hodari. Kikokotoo kipo kwenye skrini, lakini kukifungua na kubonyeza kwa kipanya ni polepole. Kiache kwa migawanyo mirefu.

Ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia, kwa hiyo pita mara mbili: mara ya kwanza yale unayoyaona njia yake mara moja, mara ya pili yaliyobaki. Usilegee katika sehemu ya kwanza, kwa kuwa ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya katika ile ya kwanza. Fanya mazoezi kwenye kompyuta, na karatasi ya kukokotolea iwe pembeni, maana kuhamisha macho kutoka kwenye skrini hadi kwenye karatasi ni jambo linalozoewa. ETS, taasisi inayoendesha mtihani huo, hutoa majaribio mawili ya bure ya POWERPREP yanayofanana na mtihani wenyewe. Lihifadhi angalau moja mpaka wiki chache kabla ya siku yako. Na kwa kuwa jibu baya halipunguzi alama, dakika ya mwisho ya kila sehemu isitumike kukokotoa: pitia orodha ya maswali, na popote palipo tupu, chagua jibu.